Kikopo cha Bwana Suti

Kazi yangu ni mavi. Tuanze hapo hapo, ili wa kuziba pua azibe mapema. Kwenye barua ya ajira wameniandika "msaidizi wa maabara", na mama yangu akiulizwa na majirani husema mwanawe "yuko hospitali", kwa sauti ya mtu ambaye mwanawe anafungua watu vichwa na kuvifunga. Ukweli ni kwamba kila siku saa mbili asubuhi nafungua kidirisha, napokea vikopo, nachota kwa kijiti kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, nachanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo chembamba, nakisukuma chini ya hadubini, halafu nainama kuchungulia mambo ya watu.

Na humo kuna mambo. Mtu atamwapia daktari kwamba maji ya kunywa anachemsha; kikopo chake kinakataa. Atasema nyama aliacha tangu mwaka juzi. Nyuzi za nyama hizo hapo, zimejipanga. "Mdomo unadanganya," nilikuwa nikiwaambia watu, "mavi hayajui." Niliisema hiyo kwa miaka mitatu, na watu wakaicheka kwa miaka mitatu.

Mchezo wa majina niliuanzisha mimi. Nasema mapema asije akasingiziwa mwingine. Vikopo vina namba, na namba hazichekeshi, kwa hiyo nikaanza kuvibatiza. Aliyejaza mpaka kifuniko kikagoma, huyo Mkarimu. Aliyeleta kidogo kama anakopesha, Bahili. Kulikuwa na Kokoto, Mafuriko, na bwana mmoja mwenye amiba wengi tuliyemwita Mheshimiwa kwa sababu ya msafara. Mkuu wetu wa maabara ni mama wa makamo, miwani mizito, mgongo umepinda kwa kuinama miaka ishirini na mitano. Sisi humwita Mama Hadubini. Mwanzoni alinikemea. "Wewe kijana, hao ni wagonjwa." Mwezi wa pili nikamkuta anamwambia mfanya usafi, "Hebu nipe hicho cha Mkarimu." Basi, nikajua nimeshinda.

Usiku, wakati wa chakula, nyumbani nilikuwa redio ya pili.

Redio ya kwanza ilikuwa ya baba. Baba ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia, suti zimening'inia ukutani kama wageni waliosimama wakisubiri viti. Ni mtu nadhifu kupita kiasi. Hujawahi kumwona na mkunjo. Ananawa mikono mpaka viwiko, kama anaenda kupasua mtu. Na chooni haendi bila kiredio chake kidogo. Akishafunga mlango, anaongeza sauti, ili asisikike na mtu yeyote, hata sisi tunaoishi naye nyumba moja. Mama alishazoea. Ukimuuliza baba yuko wapi, anakujibu, "Anasikiliza habari."

Mezani tulikuwa watano: baba, mama, mimi, dada yangu aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuharibika, na binti yake wa miaka minne. Mtoto yule alikuwa anashinda chini ya meza ya kukatia, na kila kilichoanguka alikitia mdomoni: karatasi, chaki ya fundi, vipande vya uzi, na akitoka nje, udongo. Mimi ndiye niliyempa jina la Mchwa. Unaona? Hata huko nilikuwa mbatizaji.

Nilikuwa nasimulia, na baba alikuwa mtazamaji wangu bora. Alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, anajifuta kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Mama analalamika, "Tunakula jamani!" lakini hanyanyuki.

Jioni moja nikawaletea Kitunguu. "Leo kaja mama mmoja," nikasema, "kikopo kiko ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko, mifuko saba! Mimi namenya, Mama Hadubini anahesabu. Na wa juu kabisa kaufunga kwa utepe wa zambarau, kafunga ua, kama zawadi ya arusi. Nikasema, hiki kitunguu, na tukifika katikati tutalia tu."

Dada alikuwa karibu kuanguka kwenye kiti. Mama akafunika uso kwa kanga. Baba alianza kucheka, kisha akaacha katikati, kama cherehani iliyokatika uzi.

"Utepe wa zambarau?"

"Mpana hivi, unang'aa."

Akasogeza sahani yake. "Na wenyewe wanajua kwamba mnawaita hivyo?"

"Watajuaje, Baba? Sisi tunaona namba tu."

"Hm," akasema, akaenda kunawa mikono.

Sikuuliza. Mchekeshaji akikosa kicheko kimoja anatafuta kingine, na dada alikuwa bado anacheka.

*

Mama ndiye aliyeanza kuona. Alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Baba yako siku hizi anakaa sana chooni."

"Anasikiliza habari, Mama."

"Nisikilize wewe. Zamani alikuwa anamaliza muhtasari tu, anatoka. Siku hizi anasikiliza habari zote, anasikiliza michezo. Jana kafika mpaka hali ya hewa. Mtu gani mwenye akili zake anasubiri hali ya hewa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema ameona pia doa jekundu kwenye nguo moja ya kufua, na alipomuuliza, baba alimjibu kuwa ni uzi uliochuja rangi.

Ilikuwa bahati, au nilidhani ni bahati, kwamba mwezi ule ulikuwa umetoka wito: kila aliyepita miaka hamsini alete choo apimwe damu iliyojificha. Kipimo chenyewe ni cha kitoto. Unapaka kidogo kwenye kikaratasi, unageuza upande wa pili, unadondosha dawa, unahesabu mpaka sitini. Kikigeuka buluu, kuna damu ambayo jicho halijaiona, na huenda ndani ya utumbo kuna uvimbe unaoanza. Ukiwahiwa ungali mdogo, unakatwa, mtu anarudi kazini kwake, anaishi. Ukichelewa, haya. Tulikuwa tumebandika tangazo hilo kwenye kidirisha, na mimi ndiye niliyelishikilia likapigwa misumari.

Nikampelekea baba kikopo. Alikuwa anapindisha sketi za sare za shule, kitambaa cha kijani kimejaa chumba kizima, Mchwa chini yake haonekani. Niliweka kikopo juu ya cherehani.

"Cha nini hiki?"

"Zawadi yangu kwako. Unirudishie kimejaa."

Hakutabasamu. "Nani atakipima?"

"Mimi mwenyewe. Au Mama Hadubini."

"Na nani mwingine atakiona?"

Sasa, hapa ndipo ningejibu kama mtu mwenye akili. Ningesema: Baba, ni mimi tu, nitafunga mlango. Nilisema hivi: "Usijali, Mzee wangu. Tutakutafutia jina zuri."

Alikata uzi kwa meno, akaninyooshea mkono nimpe mkasi, ingawa alikuwa ameshaukata.

*

Kikopo kilifika baada ya siku mbili. Alikileta mama, kwa sababu baba alikuwa "na wateja". Kilikuwa ndani ya kifuko cha kitambaa cha suti, rangi ya majivu, kimeshonwa mahsusi kwa kipimo chake, kina bitana ndani na kamba ya kuvutia mdomo. Maabara nzima ilisimama.

"Mavi yamevaa!" nikapiga ukelele. "Bwana Suti amewasili, mpisheni!"

Mfanya usafi alilazimika kuegemea ukuta. Mama Hadubini alikigeuza geuza kifuko, akasema kwa heshima kabisa kwamba hata yeye hajawahi kushonewa nguo yenye bitana.

Nilipaka kwenye kikaratasi. Nikadondosha dawa. Nikahesabu, na nakuapia nilihesabu polepole, maana pamoja na mizaha yote yule ni baba yangu. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini. Kikaratasi kilibaki cheupe. Nikahesabu tena sitini nyingine za bure. Cheupe.

Nilicheza. Kweli, nilicheza pale katikati ya maabara na glovu mkononi.

Kwa furaha nikaongeza hadubini, kipimo ambacho hakikuombwa, kama nyongeza ya ukoo. Na humo nikakuta mayai. Mayai ya minyoo ya mviringo, manene, ganda lenye makunyanzi, rangi ya chai. Minyoo hiyo huingia na udongo: mtoto anacheza chini, anatia vidole mdomoni, imekwisha. Na katikati ya mayai, vipande viwili vya uzi. Uzi wa kijani.

Mama Hadubini aliinama akaangalia. "Baba yako analima?"

"Hata ua la kopo hajawahi kupanda."

"Basi udongo ameutoa wapi?"

"Labda anaula kwa siri, kama mjamzito."

Tukacheka. Yeye alicheka kidogo, akabaki ameinama. "Na huu uzi?"

"Huo ndiyo kitambulisho chake! Fundi anakata uzi kwa meno, wiki nzima anashona sare za kijani. Ingekuwa barua, hiyo ndiyo sahihi yake."

Uzi ule ndio ulionimaliza. Mayai yalikuwa yananong'ona kitu, lakini uzi ulisema "baba", nami nikausadiki uzi. Niliandika kwenye fomu: damu iliyojificha, hakuna, mayai ya minyoo, yapo. Nikatia sahihi.

Mezani jioni ile nilisimama kama mtangazaji. "Mabibi na mabwana, Bwana Suti ni mzima! Ila anakula udongo." Nikampa baba dawa ya minyoo mbele ya wote. Mama alinyanyua mikono juu, akasema asante Mungu, mara tatu. Baba alimeza kidonge, akanywa maji, akapangusa mdomo. Aliniangalia muda mrefu kidogo, kama anayepima kwa jicho kabla ya kuchukua utepe.

"Mzima?" akauliza.

"Mzima kabisa."

Akaitikia kwa kichwa. Mchwa alikuwa pembeni yake amefumba ngumi, hataki kuonyesha ameficha nini.

Juma lililofuata dada akaja kidirishani na kikopo cha Mchwa, tumbo linamsumbua. Nikaweka chini ya hadubini. Mayai rangi ya chai. Uzi wa kijani. Nikamwita Mama Hadubini aje aone, "kama babu kama mjukuu". Akaangalia kwa muda. Safari hii hakucheka hata kidogo.

"Mwambie baba yako alete kingine," akasema. "Hapa matokeo yakinishangaza, tunarudia. Umesahau?"

Sikusahau. Ndiyo kanuni ya pale, imeandikwa ukutani. Nilimwambia baba siku hiyo hiyo. Akanitazama juu ya miwani: "Kimoja hakikutosha? Mnataka seti nzima, na kizibao?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa sijawahi kushindwa mzaha ndani ya nyumba ile. Nilipomaliza kucheka tukawa tunazungumza habari nyingine, na kesho yake nikamwambia Mama Hadubini kwamba mzee amekataa. Akasema nimbembeleze. Nikasema sawa.

*

Miezi minane ikapita. Mtu akikonda, nguo zinamwambia kila mtu. Suruali inalegea, shati linaelea, majirani wanaanza kuuliza kama kuna usalama. Baba hakulegewa na chochote. Kila asubuhi alitoka chumbani amenyooka kama amemiminwa ndani ya suti yake ya majivu, na mama akanambia kwa fahari, "Mwone baba yako, anarudi ujanani." Alianza kukalia mto kwenye kiti cha cherehani. Tukasema uzee. Redio ilikuwa inafika hali ya hewa na kupita.

Alianguka wakati anampima bwana mmoja koti. Mteja alisimama na mikono imenyooshwa, utepe umemzunguka kifua, haelewi kwa nini fundi amekaa sakafuni.

Hospitali kubwa walimweka kitandani, wakamvua. Muuguzi alinikabidhi nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki. Niliitoa ile suruali ya majivu kuikunja, nikageuza kiuno, nikaona ndani. Mishono. Mmoja, na ndani yake mwingine, na ndani yake mwingine, na mwingine. Minne. Kila aliposinyaa kidole kimoja alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, mchana kweupe, nyumba nzima tukipita na kurudi, anajifuata na sindano.

Daktari alikuwa kijana, rika langu pengine. Alituita mama na mimi ofisini kwake, akatuonyesha picha. Uvimbe kwenye utumbo mpana, mkubwa, umeziba njia. Na kwenye ini, madoa. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, akafika saba, akaacha kuhesabu. Alisema watampasua ili atobolewe njia ya pembeni, apumzike na maumivu. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

"Hakuwahi kupimwa choo?" akauliza. "Kulikuwa na wito mwaka huu."

"Alipimwa!" mama akasema. Alifungua mkoba wake. Alikuwa ameitunza ile fomu, ameikunja mara nne, pamoja na picha yao ya arusi. "Mwanangu mwenyewe alimpima. Huyu hapa. Ona sahihi yake."

Daktari akaisoma. Alirudia mstari wa pili, kisha akanitazama mimi, siyo mama.

"Mayai ya minyoo ya mviringo. Mzee huyu?"

Niliichukua fomu, nikaisoma sahihi yangu.

"Kijana, una hakika kikopo hiki kilikuwa chake?"

Mama alikuwa ananiangalia akisubiri niseme ndiyo. Bado ananiangalia hivyo wakati mwingine.

*

Nyumbani nilimkuta Mchwa chini ya meza ya kukatia, peke yake, amepanga vitu sakafuni. Vifungo vitatu vya koti, vya rangi ya dhahabu, vyenye nanga. Baba alikuwa anavithamini sana hivyo; havikuwa vya kuchezea.

"Nani kakupa?"

Akavifunika kwa viganja. "Babu. Siri."

Niliingia chini ya meza. Nilikunja magoti mpaka kidevuni ili nitoshe. "Mimi mjomba wako, siri zote huwa naziweka. Alikupa kwa nini?"

Alifikiri. Halafu akaninong'oneza, pumzi yake inanuka chaki. "Nilimpa kinyesi changu. Kwenye kikopo. Akasema nimefanya vizuri."

Nilikaa mle chini muda gani sijui. Dada aliporudi kutoka sokoni aliona miguu yangu imetokeza, akafikiri nafanya mchezo.

Walikuwa wameshampasua nilipokwenda kumwona. Alikuwa amelala, shuka imefika kifuani, mkono mmoja uko juu ya tumbo ubavuni kushoto, umefunika mfuko wa choo uliobandikwa pale. Kiredio chake kiko juu ya kabati. Nilivuta kiti.

"Mchwa ameniambia."

Hakuuliza kuhusu nini. "Nilimpa vitatu," akasema. "Alitaka vinne."

"Kwa nini, Baba?"

Alivuta shuka juu kidogo.

"Yule Kitunguu wenu," akasema. "Utepe ule ni mimi niliyempa. Nilimshonea gauni la eda, ukabaki utepe wa kazi nyingine, akauomba. Wiki ile ya hadithi yako alikuja kurekebisha mikono. Nimeshika utepe wa kupimia begani kwake, kicheko kikanitoka, mwanangu. Chenyewe. Akaniuliza, fundi, unacheka nini? Na mumewe hana hata siku arobaini." Akavuta pumzi. "Nikasema, kumbe namba ni bure. Mtu anajulikana."

"Baba, lakini ulikuwa unaona damu."

"Nilidhani bawasiri. Nikasema itapona. Halafu ukanambia utanitafutia jina." Alikunja uso, sijui maumivu sijui nini. "Nikatafuta cha mtoto. Nilijua mtoto choo chake ni safi. Mambo ya mayai sikuyajua, hayo ni ya kwenu wasomi."

"Ningekuambia urudie…"

"Uliniambia. Nikakuchekesha. Nawe ukacheka."

Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu wodi ilikuwa na watu kumi na wawili, na aibu hii kumbe ni ya kurithi.

*

Sasa yuko nyumbani. Kitanda tumekileta chumba cha mbele, karibu na cherehani, kwa sababu huko nyuma hapana hewa. Suti za wateja wamekuja kuzichukua, nyingine zikiwa na mkono mmoja. Mfuko nambadilisha mimi. Mama akijaribu, baba anageukia ukutani. Mimi ananiruhusu. Siku ya kwanza alifumba macho mpaka nikamaliza. Siku ya pili aliomba kitambaa na sindano, na kwa siku tatu, mishono miwili kisha kupumzika, mishono miwili kisha kupumzika, akaushonea mfuko ule kivazi. Kitambaa cha majivu. Kina bitana.

Juzi nilichota kidogo kutoka mfukoni, nikaenda nacho kazini. Sijui nilitaka nini. Daktari alishasema yote, picha zipo. Nilisubiri wenzangu waende kula, nikapaka kikaratasi, nikageuza, nikadondosha dawa. Sikufika hata tano. Ilikuwa buluu tayari, buluu nzito, inasambaa kama wino mpaka ukingoni. Nilimaliza kuhesabu sitini hata hivyo. Mama Hadubini alirudi mapema, akaiona mkononi mwangu. Alivua miwani, akaenda kusimama kwenye kidirisha, akanipa mgongo wake uliopinda. Nilifungua daftari nikamwandika baba: jina lake kamili, umri, namba, matokeo. Ndiyo mara ya kwanza daftari lile linampokea. Siku hizi vikopo vinaingia na kutoka na namba zao tu. Mfanya usafi aliuliza mara moja kulikoni, hakuuliza tena.

Jioni ile nilikuwa nafunga mfuko mpya, nabana ukingo kwa vidole vyote kumi kama nilivyofundishwa. Amekuwa mdogo sana. Ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja, na hakuna suruali tena ya kumficha.

"Mlikiitaje kile kikopo?" akaniuliza.

"Kipi, Baba?"

"Nilichokishonea."

"Bwana Suti."

Mabega yake yalitikisika kidogo, yale yale ya mezani. "Zuri," akasema. "Lakini hilo ni la Mchwa. Mimi mwenyewe bado hamjanipa. Haya, nipe. Leo nimekubali."

Alinisubiri. Yule mtazamaji wangu bora, macho yamezama, anasubiri kama alivyokuwa akisubiri wakati sahani zinapita. Nilitafuta. Nakuapia nilitafuta kila mahali, mimi niliyebatiza wilaya nzima, na hapakuwa na neno hata moja.

Mfuko ukatoa sauti. Hiyo mifuko haina adabu, inajisemea wakati wowote. Dada alikuwa mlangoni na uji, mama nyuma yake. Baba akanyoosha mkono haraka kwenda kwenye kiredio, akashika kile kitufe cha sauti, akajaribu kukizungusha. Vidole viliteleza. Akajaribu tena. Hakikuzunguka.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake, nikakizungusha mpaka mwisho. Walikuwa wanasoma hali ya hewa.